Mama Nyuma ya Pikapu

Mdogo wangu wa kiume alipoileta nyumbani ile pikapu, nilimuuliza mbele ya mke wake kama amepewa kazi ya kuhamisha wilaya. Sikuweza kujizuia, wala sijutii. Lilikuwa gari refu, la bluu iliyokolea, na bodi yake ilikuwa na kina cha kumficha ndama. Pale Ikungi tunawajua wenye haja na gari la namna ile: wachimba visima, wenye mashamba makubwa ya vitunguu, watu wa barabara. Mimi nakamua alizeti, na madumu yangu ya mafuta huenda sokoni kwa guta la magurudumu matatu, tena hufika. Yeye kazi yake ni ya mezani, Singida mjini. Mzigo wake mkubwa ulikuwa begi la kompyuta.

Wifi yangu, ambaye hupenda kuniona nikichemka, alinieleza kwamba barabara za kwetu zinataka gari la juu. Nikamwambia kutoka Ikungi mpaka ofisini kwa mume wake ni lami tupu. Kila Jumamosi mdogo wangu aliiosha ile bodi kwa sabuni, akaikausha kwa kitambaa, na nilipomwomba anichukulie magunia ya mbegu alisema yatakwaruza rangi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani hasa anahitaji gari kama hili? niliuliza, na sikuwa natafuta jibu.

"Mimi," alisema mama.

Alikuwa amelala mkekani, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa ameanguka kisimani, nyonga ikavunjika, na hospitalini walisema kwa umri wake mfupa hautaunga. Hakuweza kukaa. Aliweza kulala tu, na kutuamrisha. Akatuambia tumpandishe kwenye gari. Tukambeba kwa shuka tukamlaza kwenye bodi tupu, juu ya bati. Akajinyoosha, akanyoosha mkono huu akagusa ukingo, akanyoosha na huu akagusa ukingo wa pili, halafu akaikunja mikono yote miwili kifuani na kutazama juu. Wifi aliziba mdomo kwa kanga.

"Linanitosha," mama alisema. "Nipelekeni kwa mdogo wangu kabla mvua hazijaanza."

Mama na huyo mdogo wake, yaani mjomba wetu, hawakuwa wanaonana.

Mjomba anakaa ng'ambo ya Itigi, ndani ya kile kichaka ambacho wageni hukidharau mpaka siku wanapojaribu kupenya. Anaishi kwa mizinga ya nyuki. Nilipokuwa mtoto, babu, yaani baba yao, aliugua wakati wa masika, na kila alipozinduka alimwita huyo mwanawe wa pekee wa kiume. Mbuga zilikuwa zimejaa maji na magari hayapiti. Mama, ambaye ndiye mkubwa, alimtuma mtu kwa baiskeli akamfuate. Yule mtu alirudi peke yake, na mama akautangazia ukoo kwamba hakumpata. Babu akafa, akazikwa. Mjomba alifika matanga yameshaanuliwa. Alisimama kaburini akamwambia mama mbele ya watu kwamba amemficha ugonjwa wa baba ili amzike peke yake, na kwamba kuanzia siku ile yeye na mama wataonana siku ya kuzikana.

Alilishika neno lake. Sisi watoto alitupokea vizuri, tukala, akatupa asali, lakini ukimtaja mama aliinuka na kuingia ndani. Asali ile tulimletea mama, naye akaigawa kwa majirani bila kulamba hata kidole. Wazee walikwenda kusuluhisha wakarudi wamenuna. Ukoo nao ulichukua upande wa mjomba, polepole, kama watu wanaohama kibanda kinachovuja, na kwa miaka mingi mama alikaa misibani pembeni, karibu na vyungu. Niliota mvi nikiutazama ugomvi ule. Sasa mama alikuwa anaisha, na kitu kimoja kilinitesa: kwamba atakufa hivyo hivyo, na mjomba atakuja kumzika kwa uso mkavu wa mtu aliyeshinda.

"Siku zile kungekuwa na gari la namna hii," mama alisema akiwa bado amelala kwenye bati, "nisingemtuma mtu. Ningekwenda mwenyewe nikambeba."

Tulikubaliana tusimpe mjomba habari. Angejua tunakuja na nani, angeingia kichakani kukagua mizinga mpaka tuondoke. Mama naye akatoa sharti lake: kitanda chake kiende. "Sitalalia kitanda cha watu," alisema. Nilidhani ni ukaidi wa wagonjwa. Mdogo wangu akakifungua, akazilaza mbao zake za mninga ubavuni mwa bodi, na kwa kuwa zilikuwa ndefu, mlango wa nyuma ukabaki wazi na ncha zikachomoza. Kwenye ncha akafunga kitambaa chekundu, kama trafiki wanavyotaka. Katikati tukatandika magodoro mawili, mama akawa juu yake. Mimi nilikaa upande mmoja, wifi upande wa pili, tumejifunga kanga vichwani na mabegani.

Njia panda ya Mkiwa tuliacha lami. Vumbi likawa zito, mdogo wangu akawasha taa na kwenda taratibu ili asimtikise mama. Tukamfunika mama shuka jeupe kuanzia utosini mpaka miguuni, kwa sababu ya lile vumbi na kwa sababu mbele kulikuwa na mbung'o, na mbung'o hupenda kitu cha bluu kinachotembea.

Sasa wewe unayesoma ungeona nini? Gari linakwenda taratibu, taa zinawaka mchana, kitambaa chekundu, mbao, wanawake wawili waliojitanda, na katikati yao mtu amefunikwa gubigubi. Sisi hatukuona. Tulikuwa ndani yake.

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa mkaa. Alishuka kwenye baiskeli, akaishikilia isianguke na magunia yake, akavua kofia. Nikasema moyoni, huku watu wana adabu. Halafu tukapita kisimani, na wanawake wakatua ndoo zao wakachuchumaa, viganja mashavuni. Watoto waliokuwa wanakimbilia gari walivutwa nyuma kwa mashati. Pale Itigi, kwenye reli, waliokuwa wanataka kuvuka walitupisha wakasimama wima, na tulipoipita minada ya nguo kando ya soko, kelele zilikuwa zinazimika mbele yetu na kuanza tena nyuma yetu. Tulikuwa tunatembea na kimya chetu.

"Wanatuona msiba," wifi alinong'ona.

Hasira zikanipanda. Mimi ni mtu wa kusahihisha watu, nakiri, hata kanisani nimewahi kumsahihisha mhubiri. Nilijiinua nikishika ukingo ili niwapigie kelele kwamba mama yangu ni mzima.

"Wamesimama?" mama aliuliza chini ya shuka.

"Ndiyo, mama."

"Na kofia wamevua?"

"Wamevua."

"Waache. Kaa chini."

Nikakaa. Sikuipenda sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepata kitu.

Tulipotoka Itigi kamba ya zile mbao ililegea, tukasimama ili mdogo wangu aikaze. Mwanamke mmoja mzee alitokea njiani na mzigo wa kuni. Aliutua. Hakutuuliza sisi ni nani wala tunatoka wapi. Alikuja nyuma ya gari, pale mlango ulipokuwa wazi, akaweka mkono juu ya shuka, kwenye muundi wa mama, akaanza kulia kwa Kinyaturu. Baadaye kilio kikatulia akawa anaongea tu. Alimwambia mama kwamba huko aendako kuna kijana wake, akamtaja jina, akamtaja na jina la baba yake, ili asichanganywe na mwingine. Amwambie kwamba yule mbuzi wake alizaa mapacha. Amwambie jiko wamelihamisha upande wa pili, moshi haumsumbui tena mama yake. Akarudia jina. Akajitwika kuni akaenda zake.

Mama hakutikisika. Wala mimi sikutikisika. Nilikuwa natazama ile alama ya kiganja kwenye shuka jeupe.

"Mama, kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza gari lilipoondoka.

"Ningemwaibisha," alisema. Kisha nikasikia kitu kama nyuki kinavuma chini ya shuka. Niliinama. Alikuwa anarudia jina la yule kijana, pamoja na la baba yake, polepole, kama mtu anayetumwa dukani na hataki kusahau. Nilimtazama wifi, naye alikuwa ameangalia pembeni.

Hapo ndipo bodaboda mmoja alipotukuta. Ni wa kijiji cha mjomba, na mdogo wangu anamfahamu. Alipunguza mwendo akawa sambamba na dirisha.

"Kaka, mnampeleka nani?"

"Mama," mdogo wangu akajibu. "Tunampeleka kwa mjomba."

Yule akatazama nyuma, akatuona. "Poleni sana," akasema, akafyatuka.

Mdogo wangu hakuwa amesema uongo hata neno moja. Lakini wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tulianza kuelewa ni habari gani amekwenda nayo kijijini tulipoona vumbi la pikipiki limeshapotea mbele.

Kichaka cha Itigi hakina miti ya kutisha. Miti yenyewe si mirefu. Kinachotisha ni kwamba hakina mlango. Vijiti vimeshikana kulia na kushoto mpaka jicho linagonga ukuta, na upepo ukivuma juu, chini hakutikisiki jani. Huko ndani tulinasa kwenye mchanga. Mdogo wangu akaweka fowili, magurudumu yote manne yakachimba. Akakata matawi, akayatandika, tukasukuma mimi na wifi, gari likasogea kidogo likazama tena. Jua lilishuka toka kichwani likaja ubavuni. Mbung'o walikuwa wametua juu ya gari kama mbegu zilizomwagika. Juu ya shuka hakutua hata mmoja.

Nikapanda nikaingiza mkono chini ya shuka, nikagusa wayo wa mama. Ulikuwa wa baridi.

"Mama."

Niliubana ule wayo.

"Mama."

Niliogopa, na nasema wazi kwamba sikuogopea yeye peke yake. Niliogopa kwamba watu wa njia nzima wamemlilia mtu aliye hai, na kwamba vilio vile vimekusanyika mahali vikawa na nguvu.

"Usinikatishe," mama akasema. "Nitalipoteza jina."

Gari lilipotoka mchangani nilikuwa nalia, nikamwambia wifi ni vumbi.

Tulisikia kilio kabla hatujaiona nyumba. Walikuwa wengi, kijiji kizima, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume wamesimama. Vyungu vilikuwa motoni. Upande wa kushoto wa nyumba ya mjomba walisimama vijana wenye majembe, udongo mwekundu umewafika magotini, na nyuma yao kulikuwa na kifusi kibichi. Niliangalia kile kifusi nikaelewa kwamba ni cha mama. Walikuwa wamempimia kwa kukisia, na walikuwa wamekisia vizuri.

Gari likasimama, kilio kikapanda. Mjomba akaja. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha, peku, kichwa wazi. Mdogo wangu alifungua mlango akateremka ili aeleze, na mimi nikafungua mdomo, kwa sababu kama kuna mtu wa kueleza jambo ni mimi. Mkono wa mama ukatoka chini ya shuka ukanikamata kiganja. Sikujua kama bado ana nguvu zile. Alinibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na nikaelewa. Nilimtazama mdogo wangu nikatikisa kichwa. Hajawahi kunitii maisha yake yote. Siku ile alitii.

Ubavu wa ile pikapu ulikuwa mrefu, ulimfika mjomba shingoni. Asingeweza kuona ndani bila kupanda. Hakupanda. Aliweka mikono miwili kwenye bati, akainamisha kichwa mpaka kipaji kikagusa gari, akasema na bati.

Alisema kwa Kinyaturu. Alisema, "Dada, nilikusingizia mbele ya watu. Yule mtu wa baiskeli alinipata. Alinipata mapema, akaniambia baba anakufa na anakuita. Niliogopa kumwona baba anakufa. Nikasema nitamaliza mizinga kwanza, na kila mzinga nilioumaliza niliutafutia mwingine. Nilipofika mmeshafukia, nikaona aibu, nikakutwika wewe. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda nikuambie. Nikiwaona watoto wako naingia ndani kwa sababu wana macho yako. Sasa umekuja mwenyewe, na husikii."

Hata wa vyungu walikuwa wameweka miko chini. Mimi nilikuwa natazama shuka. Pale macho yalipo palikuwa pamelowa sehemu mbili, na zilikuwa zinapanuka.

Mjomba akajifuta uso. "Mteremsheni," akawaambia vijana.

Walikuja wanne. Wa kwanza alikuwa ameshashika ncha ya godoro mama alipoongea.

"Nilijua," alisema.

Majembe yalianguka. Mwanamke mmoja alipiga yowe la ajabu, fupi, kama la kuku, na mikeka ikabaki na viatu tu. Nimesimuliwa kwamba wengine hawakusimama mpaka mtoni. Mjomba hakukimbia. Mikono yake ilibaki palepale kwenye bati, kucha zikigonga kwenye rangi.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza. Bado alikuwa anaongea na gari.

"Tangu siku aliyorudi. Alisema amekukuta juu ya mti, na kwamba ulimpa asali ya njiani."

"Mbona hukusema?"

"Wewe wangekufukuza kwenye ukoo. Mimi walininunia tu."

Nilifunua shuka mwenyewe. Mjomba akazunguka nyuma ya gari, pale palipo wazi, akapiga magoti kwenye mchanga, uso wake ukawa sawa na uso wa mama. Walitazamana, wazee wawili wanaofanana pua.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba," mama akajibu.

Tulikaa siku chache. Mdogo wangu alikiunga kile kitanda ndani ya nyumba ya mjomba, kwenye chumba cha kuhifadhia nta, na mama akalala huko akisikiliza mizinga ikitengenezwa nje. Kuhusu lile kaburi, wazee wa pale walisema kaburi lililofunguliwa halifukiwi tupu, halipendi. Mjomba akasema lifunikwe kwa miiba mbuzi wasitumbukie, na liachwe, mmoja wao atalihitaji. Alisema hivyo kwa utulivu, akiwa anamlisha mama uji, na mama alikubali kwa kichwa kana kwamba wamezungumzia kuhifadhi mahindi.

Asubuhi ya kurudi niliingia kumwandaa mama. Hakutaka kuandaliwa.

"Mmeshanileta," alisema.

Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia hospitali iko mbali, nilimwambia habari za mbuga kujaa maji wakati wa mvua, nilimwambia sisi ndio watoto wake. Nilipandisha sauti. Yeye alinitazama kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha nilipokuwa mdogo, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama madumu yangu ya mafuta yana vifuniko. Hapo nilijua kwamba ile safari aliipanga tangu siku alipogusa kingo mbili za gari, na kwamba mimi ndiye niliyekaa ubavuni mwake njia nzima bila kujua namsindikiza. Niliumia. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliumia, na sijapata kuyatenganisha hayo mawili mpaka leo.

Tulirudi sote watatu mbele, bodi ikiwa tupu, inapiga kelele kwenye kila shimo. Itigi tulisimama kunywa chai. Mama ntilie alilitazama gari, akatutambua, akatufutia benchi kwa kanga yake na kutuletea vikombe kabla hatujaagiza.

"Mmempumzisha salama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mdogo wangu na mke wake walinigeukia mimi, ninayesahihisha watu. Chai ilikuwa ya moto sana. Niliishika hivyo hivyo.

"Salama," nilisema. "Yuko na mdogo wake."

"Poleni sana, dada."

"Tumeshapoa," nikamwitikia, na sikuwa nimepoa.